Ujumbe Mmoja, Lugha Tatu: Mbinu za Kutumia Simu Penye Lugha Nyingi

Wewe ni katibu wa kamati ya wazazi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au unashika daftari la kikoba. Watu wako hawasemi lugha moja. Chukua Sirari na Isebania, pale mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kikao kimoja tu, na utasikia Kiswahili, Kikuria, Dholuo, na Kiingereza cha barua za ofisini. Ujumbe ukitoka kwa Kiswahili pekee, yupo bibi anayelea wajukuu ambaye ataupata nusunusu. Mara nyingi ndiye hasa uliyemkusudia.

Simu uliyonayo inaweza kukubebea sehemu kubwa ya kazi hii. Muhimu ujue kazi ya kuipa na kazi ya kuinyima. Twende.

Panga kibodi kwanza

Kabla ya programu yoyote ya kutafsiri, shughulika na kibodi. Ukitumia Gboard, ingia kwenye mipangilio yake, gonga Lugha, halafu Ongeza kibodi, uandike jina la lugha yako. Gboard ina mamia ya lugha, na nyingi ni za Afrika. Wengi hawajawahi hata kutafuta. Tafuta leo.

Weka Kiswahili na lugha ya nyumbani pamoja, kisha ruhusu kuandika kwa lugha zaidi ya moja kwenye kibodi hiyohiyo. Faida utaiona mara moja: simu inaacha kukugeuzia maneno yako kuwa ya Kiingereza.

Lugha yako haimo? Chagua kibodi yenye herufi zako zote, halafu zima masahihisho ya kiotomatiki. Kuandika polepole bila msaada kuna nafuu kuliko kupigana na simu kila neno.

Sasa ritifaa. Kialama hiki kinaharibu kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili kinaandika ng'ombe, Dholuo inaandika ng'ato, na simu ina alama mbili zinazofanana: moja imesimama wima, nyingine imepinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Ukitafuta neno lenye ritifaa ya wima, lile lenye ya kupinda linaweza lisionekane kabisa. Programu nyingine hulikata neno katikati, ikabaki na ng upande huu na ombe upande ule. Na wapo wanaoiacha ritifaa kabisa, hapo ng'oa na ngoa vinakuwa neno moja. Kubalianeni kikundi kizima: ritifaa ya wima, kila mahali, na haiachwi.

Wanaoandika Kikuyu au Kikamba wana kazi kama hiyo kwenye ĩ na ũ. Tumia kibodi ya lugha yenyewe. Usiandike i ya kawaida halafu ukatafuta kialama cha kuiwekea juu. Ndani ya kompyuta herufi hiyo inaweza kujengwa kwa njia mbili, na njia hizo zikichanganyika kwenye faili moja, kutafuta na kupanga maneno kunagoma.

Jua mashine inajua nini

Usidhani kila lugha imo. Kiswahili kipo Google Translate tangu 2009. Kinyarwanda kiliingia 2020, Lingala na Luganda 2022. Juni 2024 zikaongezwa lugha 110 kwa mpigo, karibu robo yake za Afrika, na humo mlikuwa na Dholuo, Kiacholi, Kialur na Kirundi. Kikuria hakikuwemo. Hata Kisukuma, chenye wasemaji mamilioni, hakikuwemo.

Kwa kazi yako maana yake ni hii. Kiswahili kwenda Kiingereza, mashine inakupa rasimu nzuri. Kiswahili kwenda Dholuo, inakupa rasimu ya kukaguliwa neno kwa neno. Kiswahili kwenda Kikuria, usimalize bando lako. Mtafute mtu.

Mashine hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokwisha kukusanywa. Lugha isiyo na maandishi mengi mtandaoni hutafsiriwa kwa kubahatisha, na kubahatisha huko hakuna dalili. Sentensi inatoka imenyooka, imepangika, ina nukta yake mwishoni, kumbe imesema jambo jingine. Kwa hiyo usipime tafsiri kwa jinsi inavyoteleza. Ipime kwa msomaji anayeijua lugha.

Jambo moja la haraka: ndani ya Google Translate unaweza kupakua Kiswahili ukatumia bila intaneti. Fanya hivyo ukiwa penye Wi-Fi, kabla hujaenda kijijini ambako mtandao unakuja na kupotea.

Andika ujumbe unaotafsirika

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo utakapookoa muda mwingi. Tafsiri mbaya nyingi huanza na ujumbe mbaya. Tazama huu:

«Wazazi wote mnaombwa kufika shule kesho saa mbili bila kukosa, ni kuhusu ile ishu ya uji tuliyoongea.»

Wewe unauelewa kwa sababu ulikuwepo. Mashine haikuwepo, na hata mkalimani anayeusoma jioni hajui kesho ni lini. Saa mbili ipi, ya asubuhi au ya usiku? Ishu gani ya uji? Uandike hivi:

«Wazazi wote, njooni shuleni Jumanne tarehe 12 Mei, saa mbili asubuhi (8:00). Tutapanga mchango wa uji wa watoto. Kikao kitachukua saa moja.»

Sentensi tatu. Kila moja ina jambo moja. Siku ina jina na tarehe. Neno ishu limeondoka, mchango umetajwa. Sasa ipe mashine, mpe mtu, yeyote atajua la kufanya.

Saa ziandike kwa namna mbili daima. Sisi tunahesabu tangu macheo, Kiingereza kinahesabu tangu usiku wa manane, na mashine mara kwa mara huichukua saa mbili asubuhi ikaifanya saa nane za usiku. Kwa kikao cha uji ni usumbufu. Kwa siku ya kliniki, mama mjamzito anaweza kukosa huduma. Tarakimu kama 8:00 au 14:00 zinapita salama kwenye lugha zote.

Ondoa methali, mafumbo na Sheng. Vina mahali pake, na ni mahali pazuri, ila si ndani ya tangazo linalokwenda kutafsiriwa. Badala ya «tusipoziba ufa», andika «paa la darasa la tatu linavuja, tulitengeneze mwezi huu».

Mtaje mtendaji. «Imeamuliwa ilipwe» inamwacha msomaji akiuliza nani ameamua na nani analipa. «Kamati imeamua kila mzazi alipe» haina shaka, wala haina njia mbili za kutafsiriwa.

Na dozi ya dawa usiipitishe kwenye mashine peke yake. Hata mara moja. «Kimoja kutwa mara tatu» likigeuka «vitatu mara moja», hakuna wa kulirekebisha baada ya mgonjwa kumeza. Dozi isomwe na mhudumu wa afya anayeijua lugha ya mgonjwa, naye mgonjwa aieleze tena kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka.

Programu za mazungumzo kama ChatGPT na Gemini zinafaa zaidi hatua hii ya mwanzo. Bandika ujumbe wako wa Kiswahili, iambie iufupishe, iugawe katika sentensi fupi, ikuoneshe palipo na utata. Iambie pia unaandikia Tanzania au Kenya, maana maneno ya shule na serikali hayafanani. Usibandike majina ya wagonjwa wala namba za simu za watu.

Irudishe tafsiri nyumbani

Mbinu hii haigharimu chochote, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Mtu wa kwanza anatafsiri ujumbe kutoka Kiswahili kwenda Dholuo, kwa msaada wa mashine au bila mashine. Mtu wa pili, ambaye hajauona ule wa Kiswahili, anapewa wa Dholuo peke yake na kuambiwa: niambie kwa Kiswahili hapa pamesemwa nini. Weka matoleo mawili ya Kiswahili bega kwa bega. Palipotofautiana ndipo penye tatizo.

Usitumie mashine kwa hatua ya pili. Mashine iliyokosea kwenda inaweza kukosea vilevile kurudi, ukaona Kiswahili kimetulia ukaridhika. Mtu wa pili awe mtu, na kama inawezekana awe wa rika tofauti na wa kwanza. Kijana aliyesomea mjini na bibi aliyekaa kijijini maisha yake yote hawana maneno yaleyale.

Kwa tangazo la kikao, fanya hivi mara chache hadi ujue watafsiri wako. Kwa afya, ardhi na pesa, fanya kila mara.

Tuma sauti

Wapo wengi wanaoisema lugha yao vizuri ila hawajawahi kuisoma. Shule zilifundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza, lugha ya nyumbani ikabaki mdomoni. Kwa hiyo kwa Kikuria na Dholuo, sauti itangulie maandishi.

Chagua sauti inayojulikana. Mtu akimsikia mama anayemfahamu anatulia na kusikiliza. Mpe msomaji wako ujumbe mapema aupitie, asiusome mara ya kwanza huku anarekodi.

Rekodi ndani ya chumba chenye vitu laini: kitanda, mapazia, nguo zilizotundikwa. Chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Zima redio na feni. Mvua ikipiga bati, subiri ipite. Maikrofoni ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji, kwa hiyo usilifunike kwa kidole. Shika simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isiipige.

Ujumbe usizidi dakika moja. Aanze kwa kutaja lugha na jambo: «Hili ni tangazo la shule kwa Kikuria.» Asiyeihitaji lugha hiyo ataruka bila kupoteza muda wake. Baada ya hapo siku, saa, mahali, kinachotakiwa. Mwisho arudie siku na saa.

Chini ya kila sauti weka mstari mmoja wa maandishi wenye tarehe, saa na kiasi cha pesa. Mtu akitafuta wiki ijayo, maandishi yataonekana kwenye kisanduku cha kutafutia. Sauti itabidi aisikilize yote tena.

Panga lugha kwa utaratibu uleule kila mara. Au badilisha ya kwanza kila mwezi, kama kuna wanaonung'unika kwamba lugha yao huwa ya mwisho. Manung'uniko hayo yachukulie kwa uzito. Watu huhesabu.

Usitupe kazi yako

Kila ujumbe uliotafsiriwa na kukaguliwa una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Sentensi ya Kiswahili na mwenzake wa Kikuria, zote sahihi, zikiwa zimepangwa pamoja: hicho ndicho kitu ambacho lugha hizi zinakikosa. Watafiti wanatafuta jozi kama hizo kwa taabu, na wewe unazitoa kila wiki kisha unaziacha zipotelee kwenye WhatsApp.

Fungua jedwali, kwenye Google Sheets au hata daftari la mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili Kiswahili, ya tatu Dholuo, ya nne Kikuria, ya mwisho jina la aliyekagua. Mstari mmoja, sentensi moja. Usiweke aya nzima kwenye kisanduku kimoja.

Jedwali la pili liwe la maneno magumu. Chanjo mtaiitaje? Akidi? Riba? Mkishakubaliana, liandikeni na mlitumie hivyo siku zote. Bila jedwali hili kila mtafsiri atakuja na neno lake, na wasikilizaji watadhani ni mambo matatu tofauti. Kwa upande wa Kiswahili, pitia kwanza kamusi na istilahi za BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) na TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kabla hujabuni la kwako.

Sauti nazo zipe majina yanayosomeka: 2026-05-12_uji_kikuria. Mwaka ukitangulia, simu itazipanga zenyewe.

Toa sauti yako pia

Ukiwa na dakika tano za kusubiri gari, ingia Common Voice, mradi wa Mozilla ulioanza 2017 wa kukusanya sauti za watu wa kawaida. Chagua Kiswahili. Utapewa sentensi tano uzisome, au utasikiliza sauti za wengine na kusema kama zimesomwa sawasawa. Kusikiliza kunasahaulika, na bila kusikiliza kazi haiendi, kwa sababu sauti haikubaliki hadi watu wawili waithibitishe. Gawa muda wako nusu kwa nusu.

Jaza lafudhi au lahaja yako kwenye wasifu. Mashine iliyosikia sauti za mjini peke yake itamwelewa kijana wa Nairobi na kushindwa kumwelewa mzee wa Pemba au muuzaji wa Lubumbashi. Soma kama unavyosema kila siku. Usijifanye mtangazaji wa taarifa ya habari.

Unaweza pia kuchangia sentensi za kusomwa. Ziwe fupi, zisizidi maneno kumi na tano. Ziwe zako, usinakili kitabu wala gazeti. Usitumie tarakimu wala vifupisho: mwaka 1967 mmoja ataanza na «elfu moja mia tisa», mwingine ataanza na «kumi na tisa», na mashine haitajua ipi imeandikwa. «Mama mboga hukopesha sukuma hadi Ijumaa» ni sentensi nzuri. Ina maisha ndani yake, na kila mtu anaisoma vilevile.

Ukitaka kuona hili linafika wapi, tazama Rwanda. Kupitia kampuni ya Digital Umuganda, iliyochukua jina la ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu walisoma na kusikiliza hadi Kinyarwanda kikapita saa 2,000 za sauti kwenye Common Voice. Kikakaa mbele ya lugha nyingi za Ulaya zenye fedha na vyuo vikubwa. Wachangiaji walikuwa watu wenye simu, kama wewe.

Kwa maandishi, watafute Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Afrika ulioanza 2019. Nchini Kenya, mradi wa KenCorpus umekusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, na Chuo Kikuu cha Maseno kilikuwa mmoja wa washiriki wake. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere na shirika la Sunbird AI wamefanya kazi ya namna hiyo kwa Luganda, Kiacholi, Kinyankole, Kilugbara na Kiteso. Ukiwa na jedwali safi, una kitu cha kuwapelekea.

Omba ruhusa, na uombe vizuri

Sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa hizo tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Hata pasipo sheria, bibi aliyekurekodia tangazo la uji alikubali tangazo la uji. Hakukubali sauti yake ifundishe mashine.

Mweleze kwa lugha yake, kwa maneno ya kawaida: sauti itahifadhiwa, itasikilizwa na watu asiowajua, na kwenye Common Voice yeyote anaruhusiwa kuitumia, hata kampuni inayofanya biashara. Akishaitoa na watu wakaipakua, hairudi yote. Mpe siku afikirie. Akikataa, umshukuru na kazi iendelee.

Mambo ya jando, matambiko, ugomvi wa ardhi na magonjwa ya watu yasiingie kwenye mkusanyiko wowote, hata kama msimuliaji ameridhia. Wanaotajwa humo hawakuulizwa.

Kabla hujampa mtu wa nje jedwali lako, futa majina na namba za simu, kisha muulize maswali matatu: atalifanyia nini, atalihifadhi wapi, na kikundi chenu kitapata nini, iwe ni malipo, majina yenu kutajwa, au programu itakayoleta Kikuria kwenye simu za watu wa Sirari. Taka majibu kwa maandishi, yasome mbele ya kikao kwa lugha zote tatu, na faili litoke baada ya kikao kukubali.